UZI: Dokta akimiliki mashine ya MRI, nani anaamua kama unahitaji kipimo? Maryland walivyoweka sheria ya rufaa na bei za hospitali

BintiPongwe (mleta uzi)

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, wengine mambo vipi.

Niko Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, mwaka wa 11 sasa. Kazi yangu ni kuandaa madai ya bima, yaani dokta akishamaliza na mgonjwa mimi ndo naigeuza ile huduma kuwa namba na kuituma bima ili hela irudi kliniki. Kila nikiingia humu nakuta watu wanavutana hela za bima zinaliwa na nani, mmoja anasema hospitali zinapiga, mwingine anasema wagonjwa wenyewe wanapenda vipimo, ila sehemu ninayoiona mimi mezani kwangu kila siku haiguswi, sehemu ya RUFAA. Nani kakutuma, kakutuma wapi, na huko alikokutuma hela inaingia mfuko wa nani. Jimbo ninaloishi limelitungia sheria jambo hilo na limetunga pia sheria ya bei za hospitali, na mimi naamini moja bila mwenzake haifiki mbali. Ndo nilichokuja nacho.

Fomu ya madai ya madaktari huku inaitwa CMS-1500, ina viboksi 33. Siku hizi inatumwa kwa kompyuta ila viboksi ni vilevile. Kiboksi cha 17 ni jina la dokta aliyetoa rufaa. Kiboksi cha 33, cha mwisho kabisa kule chini kulia, ni jina la anayelipwa. Dada aliyenipokea kazini alikuwa anasoma fomu kwa kidole, anaweka kidole kwenye 17, anakishusha taratibu mpaka 33, halafu anakaa kimya kidogo. Nilidhani ni mazoea tu ya mtu aliyekaa kazini miaka mingi. Siku moja akanambia, ukiona 17 na 33 ni nyumba moja na kipimo ni MRI (ile picha kubwa ya ndani ya mwili), usitume, niite.

Sababu ni sheria ya Maryland ya mwaka 1993 ya rufaa za wagonjwa. Inasema mtaalamu wa afya mwenye leseni haruhusiwi kumtuma mgonjwa kwenye biashara ya afya ambayo yeye au ndugu yake wa karibu ana hisa au anapata chochote. Akimtuma kinyume, ile huduma haidaiwi, si kwa bima wala kwa mgonjwa mwenyewe. Kuna misamaha, vipimo vingi vinavyofanyika palepale kliniki vinaruhusiwa, lakini sheria ikavitaja vitu vitatu kwamba msamaha huo hauvihusu: MRI, CT-scan na tiba ya mionzi. Hivyo vitatu ukitaka kuwa navyo ofisini kwako lazima muwe madaktari wa radiolojia, yaani wataalamu wa picha. Daktari wa mifupa wa Maryland hawezi kuweka MRI yake chumba cha pili akawa anatuma wagonjwa wake mlango wa huku kwenda mlango wa kule.

Madaktari wa mifupa hawakukubali kirahisi. 2004 Mwanasheria Mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba sheria inamaanisha hivyohivyo inavyosomeka. 2006 Bodi ya Madaktari ikaamua vilevile. Vikundi vya madaktari vikaenda mahakamani, kesi ya Potomac Valley Orthopaedic Associates, ikapanda ngazi mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na Januari 2011 majaji wakasema Bodi iko sahihi. Tangu hapo miswada ya kuilegeza imepelekwa Annapolis kwenye bunge la jimbo si mara moja. Bunge lenyewe linakaa siku 90 tu kila mwaka kuanzia Januari, kwahiyo ikifika mwezi huo ofisini kwetu kila mtu anauliza safari hii wamekuja na nini.

Mtu atauliza kwani serikali kuu ya Marekani haina sheria? Inayo. Ilianzia kwa mbunge wa California, Pete Stark, 1989, na watu wanaiita kwa jina lake hadi leo. Mwanzoni ilihusu maabara tu, 1993 ikaongezwa MRI, fiziotherapia, vifaa tiba na mengine. Ila ile inawalinda zaidi wa Medicare na Medicaid, yaani bima za serikali (ya kwanza hasa ya wazee, ya pili ya wenye kipato kidogo), mwenye bima ya kazini haimgusi, na MRI ndani ya jengo la dokta inaruhusiwa kwa masharti. Ndo maana majimbo yakatunga za kwao. Florida walitunga 1992 baada ya bodi yao ya gharama za afya kuchunguza na kukuta angalau asilimia 40 ya madaktari wanaotibu wagonjwa wana hisa kwenye biashara ambazo wanaweza kuzitumia wagonjwa. Asilimia 40 wakuu!

Na tusidhani ni hisia tu. 1990 utafiti wa Bruce Hillman na wenzake ulikuta dokta mwenye mashine yake ya picha anaagiza picha mara 4 hadi 4.5 zaidi ya yule anayemtuma mgonjwa kwa mtu wa radiolojia, ugonjwa uleule. 2012 wakaguzi wa bunge la Marekani wakasema mwaka 2010 peke yake Medicare ililipia vipimo vikubwa vya picha kama 400,000 ambavyo visingeagizwa kama dokta asingekuwa anajitumia mwenyewe, hela yake kama dola milioni 109.

Sasa ya kwangu. Binamu yangu ni dereva wa lori, anaishi jimbo jingine ambako hilo linaruhusiwa. Mgongo ukamshika akashindwa hata kushuka kwenye gari. Akaenda kliniki ya mifupa, ndani ya nusu saa kashafanyiwa MRI korido hiyohiyo. Baada ya miezi minne maumivu yamepungua, anarudi kuonwa tu, akapigwa MRI ya pili. Kwenye taarifa ya bima namba ya kipimo ni ileile mara mbili, 72148, mgongo wa chini bila dawa ya kung'arisha. Na kwa kuwa bima yake haianzi kulipa mpaka kwanza atoe elfu kadhaa mfukoni, zote mbili kalipa yeye. Sheria ya serikali kuu tangu mageuzi ya bima ya afya ya 2010 inataka dokta mwenye MRI yake ampe mgonjwa wa Medicare karatasi yenye majina ya sehemu nyingine 5 ndani ya maili 25, na kliniki ile ilimpa hata yeye wa bima ya kazini. Nilimwambia anitumie picha za karatasi zote alizosaini. Ile ya majina matano ipo, ni ya sita kati ya tisa, chini yake sahihi yake. Nikamuuliza uliisoma? Akanambia dada mi nilikuwa nimelalia ubavu kwenye viti vya mapokezi, ningesoma nini.

Mpaka leo nikiikumbuka ile sahihi, jinsi ilivyopinda, naumia.

Upande wa bei nitashuka nao post inayofuata, nikitoka shift.

---

Mkwaju Mkavu

Mkuu shusha tu tunasoma. Ila swali la haraka, dokta kukutuma kwenye mashine yake mbona hata huku Bongo ni kawaida, duka la dawa la nje ya geti la dokta huyohuyo, maabara ya shemeji yake, na hakuna anayeona ni kosa. Kosa liko wapi kama kipimo kweli unakihitaji?

---

Dokta wa Kata

Naomba nichangie kama mtu wa fani, nipo hospitali ya wilaya mwaka wa 9.

BintiPongwe nakuheshimu na umeandika vizuri lakini umetuhukumu haraka. Mgonjwa wa mgongo akija kwangu leo nikimwandikia CT mkoani, kwanza atafute nauli, pili atafute wa kumsindikiza, akifika aambiwe mashine mbovu njoo wiki ijayo, na nusu yao hawarudi tena. Sijui wameenda kwa mganga au wamekata tamaa. Kama ningekuwa na mashine chumba cha pili ningemaliza naye siku hiyohiyo. Kuwa na kipimo karibu na dokta kuna uhai ndani yake, msiangalie hela tu. Nina hakika hata hao wenzetu wa mifupa wa Maryland hoja yao ilikuwa hiyohiyo, kwamba mgonjwa asizungushwe.

Pili, umezuia dokta mmoja mwenye kliniki yake, sawa. Je hospitali kubwa iliyoajiri madokta mia tatu na ina MRI sita? Wale madokta wanamtuma mgonjwa wapi kama si kwenye mashine za mwajiri wao? Na mwajiri anawahesabia. Hapo sheria yenu inasemaje? Nahisi mmefunga dirisha mkaacha geti wazi.

---

BintiPongwe

Dokta wa Kata hiyo hoja yako ya pili ndo moyo wa uzi, asante kwa kuileta.

Ya kwanza nakubaliana na wewe kwa mazingira yako. Mtu wa kutoka kijijini ukimwandikia kipimo cha mkoani umemwandikia safari ya siku mbili. Huku Baltimore vituo vya picha viko kila mtaa, ukitoka kwa dokta wa mifupa unatembea dakika tano umefika. Kwahiyo hoja ya kumzungusha mgonjwa uzito wake ni tofauti sehemu na sehemu na sitabisha. Na hata huku wapo wanaoumia kwa kuzungushwa, hasa wagonjwa wa saratani, kemo hapa, mionzi kule, damu sehemu ya tatu, madaktari wa saratani wameomba walegezewe kwa sababu hiyo na mi nawaelewa.

Mkwaju Mkavu, kosa ni kwamba kama kweli unakihitaji hutajua kamwe! Wewe mgonjwa huna kipimo cha kumpima dokta. Unachoweza kujua ni kama anayekwambia unakihitaji anafaidika ukikubali au hafaidiki. Ukijua hafaidiki unalala vizuri.

Sasa geti. Ni kweli kabisa, sheria ya Stark ina msamaha wa ajira na hata ya Maryland inaruhusu mwajiriwa. Mwajiri anaruhusiwa kumwambia dokta wake wagonjwa wabaki ndani ya mtandao wetu, isipokuwa mgonjwa mwenyewe akitaka kwingine, au bima ikisema kwingine, au dokta akiona si kwa faida ya mgonjwa. Kwahiyo majimbo mengi hospitali zimenunua kliniki, dokta aliyekuwa na kliniki yake jana leo ana kitambulisho cha hospitali shingoni, rufaa zote zinaelekea geti hilo, na bei kule ndani ni kubwa kuliko kituo cha nje.

Hapa ndo bei inapoingia. Maryland ina tume inayopanga bei za hospitali kwa walipaji wote. Bunge la jimbo liliiunda 1971, ikaanza kupanga bei 1974, na 1977 Washington ikakubali hata Medicare ilipe kwa bei za tume. Maana yake kwenye hospital moja mwenye bima kubwa ya kampuni, bibi wa Medicare na kijana asiye na bima kabisa, wote bei ya kitanda ni moja, ukiacha punguzo dogo la bima za serikali. Majimbo mengine hospitali hiyohiyo ina bei tofauti kwa kila bima, na asiye na bima ndo anapigwa kubwa kuliko wote. Kabla ya kazi hii nilikuwa sijui kama hilo linawezekana duniani, kwamba maskini anaandikiwa bei kubwa kuliko tajiri kwa kitanda kilekile.

Halafu 2014 wakaenda hatua nyingine. Kila hospitali kabla ya mwaka wa hesabu kuanza Julai 1 inaambiwa mwaka huu mapato yako ni kiasi hiki, kwisha. Wagonjwa wakiongezeka unashusha bei kidogo, wakipungua unapandisha kidogo, mwisho wa mwaka jumla iwe ileile. Hospitali kadhaa za vijijini zilikuwa zimetangulia kujaribu tangu 2010.

Dokta, sasa chukua hospitali yako yenye MRI sita uiweke humo ndani. Ikiwapiga picha watu elfu moja zaidi, mapato hayapandi, umeme unaongezeka, mafundi wanachoka. Tamaa ya kujaza mashine inakatika yenyewe bila polisi. Sheria ya rufaa imemzuia mwenye kliniki binafsi ambaye bajeti ya hospitali haimgusi, na bajeti imemzuia mwenye hospitali ambaye sheria ya rufaa inamsamehe. Ungeweka moja tu hela ingehamia upande wa pili kama maji. Hilo ndo nilitaka kusema tangu mwanzo, nilishindwa tu kulifikia.

---

Njoro_Dallas

Habari zenu wote. Mimi ni Mkenya niko Texas, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nikisoma hii thread naona kama mnaongea juu ya nchi nyingine kabisa. Huku kwetu kuna hospitali zinamilikiwa na madaktari wenyewe, Texas ndiyo inaongoza kwa hizo. Ile sheria ya Obama ya 2010 ilifunga mlango kwa mpya, ambazo hazikuwa zimesajiliwa na Medicare mpaka mwisho wa 2010 haziwezi kupata hela ya Medicare kwa njia hiyo, lakini zilizokuwako ziliachwa. Na kusema ukweli zingine ni safi sana, mzee mmoja ninayemhudumia alibadilishiwa goti huko, akaangaliwa vizuri, nesi kila dakika, hakuna maambukizi. Kwa hivyo mimi siwezi kusema umiliki wa daktari ni mbaya tu.

Kinachoniuma ni kingine. Texas haijapanua Medicaid, kwa hivyo mtu mzima asiye na mtoto mdogo, kipato chake hakifiki popote, hana bima, na bado si maskini wa aina ile serikali inatambua. Hao ndio huwa wanakuja kwa emajensi. Na bei anayopewa pale ni ile kubwa kabisa ya kwenye kitabu, kama vile BintiPongwe amesema. Nimewahi kukaa na jirani yangu kutoka Kongo, mezani kwake, tukihesabu bili yake kwa Kiswahili tukitafuta neno la kila mstari. Tulifika mstari wa saba akaifunga bahasha, akasema ndugu tuache tu.

Kwa hivyo swali langu, hiyo bei moja ya Maryland, huyo jirani yangu angelipa ngapi?

---

nesi_wa_usiku

Mimi nipo Maryland pia, wodini, usiku. Mleta mada kasifia naomba niongeze upande usiosemwa.

Maryland kwa miaka mingi iko mkiani Marekani nzima kwa muda wa kusubiri emajensi. Mkiani kabisa. Watu wanakaa kwenye viti masaa manane, masaa kumi, wengine wanalala kwenye machela ukutani wakingoja kitanda juu. Wataalamu wanabishana sababu, vitanda vichache, uhaba wa manesi, wagonjwa wa akili wasio na pa kwenda, ila sisi wa ndani tunaona pia kwamba hospitali ikishajua mapato yake hayatapanda, haina haraka ya kufungua vitanda vipya. Mgonjwa wa ziada kwake ni gharama. Usiku mmoja mzee wa makamo kanishika mkono akanambia nesi, nimekuja jua linawaka na sasa linachomoza tena. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumletea blanketi ya moto.

Kwahiyo tukisema ile tamaa imekatika, tuseme pia na kile kilichokatika pamoja nayo.

---

BintiPongwe

nesi_wa_usiku asante sana, hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Mfumo wa kulipa kwa kila huduma unakusukuma kufanya kupita kiasi, mfumo wa bajeti unakusukuma kufanya pungufu. Tume yenyewe inalijua, ndo maana imefunga sehemu ya hela ya hospitali kwenye ubora, mgonjwa akirudi ndani ya siku 30 hospitali inaumia, maambukizi yakizidi inaumia. Ila siku 30 haimsaidii aliyekaa kwenye kiti masaa kumi usiku huu, nakubali.

Ninachokataa ni mtu kusema basi turudi kule. Mwaka 1976 kulazwa hospitali Maryland kulikuwa na gharama asilimia 26 juu ya wastani wa nchi, kufika 2007 ilikuwa asilimia 2 chini ya wastani. New York, New Jersey, Massachusetts nao walikuwa na tume za bei wakaziacha miaka ya 90 hospitali na bima zikaachiwa zielewane zenyewe. Leo majimbo yanatafuta njia ya kurudi kwa mlango wa nyuma. Oregon walipitisha sheria 2017 kwamba bima ya watumishi wa serikali ya jimbo isilipe hospitali kubwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Medicare. Hiyo mara mbili ndo waliona ni ushindi! Ujue huko kabla ilikuwaje.

Na jambo jingine watu wa huku wengi hawalijui. Bei za tume ni za HOSPITALI. Dokta yeye hayumo. Ukilazwa Baltimore zinakuja bili mbili, moja ya hospitali kwa bei ya tume, ya pili ya madokta, na hii ya pili inategemea bima yako ilivyokubaliana nao. Nikipigiwa simu na mgonjwa analia kwamba alishalipa, kwa nini tunamdai tena, mara nyingi ni hiyo ya pili. Na upande huo wa madokta ndo bunge linakovutana kila mwaka kuhusu Medicaid, ilipe asilimia ngapi ya kile Medicare inacholipa, maana ikilipa kidogo mno dokta hakatai mdomoni ila unapiga simu mapokezi unaambiwa nafasi ya karibu ni baada ya miezi mitatu.

Njoro, jirani yako angelipa bei ileile ya bima, na kama kipato chake ni kidogo huenda asingelipa kitu, nitaeleza chini.

---

Mkwaju Mkavu

Nimeelewa sasa. Kwahiyo kwetu Bongo tumewahi kufika wapi kwenye hili? Maana naona NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na hospitali binafsi hawaivi.

---

Dokta wa Kata

Tulifika Machi 2024. NHIF walileta kitita kipya cha mafao kuanzia tarehe 1 Machi, bei za huduma na dawa nyingi zikabadilika, hospitali binafsi kupitia chama chao APHFTA wakasema kwa bei hizi tunafunga, wakasitisha huduma kwa wanachama wa NHIF. Nakumbuka asubuhi hiyo foleni kwetu ilivyotoka mpaka nje ya geti, watu wenye kadi za bima ambao sijawahi kuwaona hospitali ya serikali. Mama mmoja kaja na faili lote la presha kutoka hospitali binafsi, kalishika kifuani, ananiuliza dokta huku mnazo dawa zangu zilezile?

Sasa angalia tofauti. Bei zilibishaniwa kati ya Mfuko na wenye hospitali, na mgonjwa akasikia kwenye vyombo vya habari. Tume ya BintiPongwe naomba nijue, wale wanaopanga bei ni akina nani?

---

BintiPongwe

Makamishna 7, wanateuliwa na gavana, vikao vyao viko wazi, ukitaka unakaa kiti cha nyuma unasikiliza. Bei inapobadilika hoja za hospitali ziko mezani, za bima ziko mezani, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kuandika maoni. Mi nimewahi kuingia kimoja, mjadala ulikuwa mzito mpaka kichwa kikauma lakini nilimsikia mkubwa wa hospitali akiulizwa swali mbele za watu na akalazimika kulijibu.

Tofauti nyingine dokta, tume haimlipi mtu. Anayepanga bei si anayelipa na si anayelipwa. NHIF yeye ndo mlipaji na yeye ndo mpanga bei, hospitali lazima zimtilie shaka hata akiwa sahihi. Na Kenya wameingia SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, tangu Oktoba 1, 2024, watu wanakatwa asilimia 2.75 ya kipato, nao malalamiko ya hospitali ni yaleyale, bei na kucheleweshewa malipo. Sisi Bongo tuna sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, hela nyingi zaidi zitapita humo, na ninaomba kwa moyo wote waitazame rufaa mapema kabla mashine hazijapata wenyewe. Maryland ilitunga 1993, na bado ilichukua miaka 18 mpaka mahakama imalize ubishi. Ukisubiri kila dokta awe na yake, humwondoi tena.

---

Mama Twaha

Samahani wadau mimi si mchangiaji, huwa nasoma tu. Niko Silver Spring, hapahapa Maryland. Mume wangu alilazwa siku nne kwa mapafu, ametoka salama alhamdulillah, anaendesha teksi hana bima. Tuna watoto wawili. Bili imekuja, nimeiweka juu ya friji, siwezi hata kuitazama. Wamesema tupige simu tupange malipo. BintiPongwe ulisema utaeleza chini na mimi nimeshuka mpaka chini.

---

BintiPongwe

Mama Twaha pole sana, na shukuru Mungu baba Twaha kapona. Itoe juu ya friji leo, usipange malipo kwanza. Nisikilize.

Hospitali za Maryland zinabanwa na sheria, kipato cha familia kikiwa chini ya mara mbili ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, matibabu ya lazima ni BURE. Kwa 2025 familia ya watu wanne mstari ni dola 32,150, mara mbili yake ni 64,300. Ukizidi hapo kuna punguzo. Fomu inaitwa ya msaada wa kifedha, ipo tovuti ya hospitali na wana wajibu wa kukupa, muombe na mkalimani wa Kiswahili, bure pia. Peleka kodi ya mwaka jana na rekodi za mapato ya teksi za miezi mitatu. Hata usipofuzu, sheria ya 2021 ya madeni ya matibabu inasema mpango wa malipo usizidi asilimia 5 ya kipato cha mwezi, na hawaruhusiwi kuishika nyumba mnayoishi.

Ila hiyo ni bili ya hospitali. Tazama kama kuna bahasha nyingine yenye jina la kikundi cha madokta.

---

Mama Twaha

Zipo mbili. Moja ina jina la hospitali, nyingine jina silijui, ya watu wa picha ya kifua.

---

BintiPongwe

Hiyo ya pili ni ya dokta aliyesoma picha. Wapigie, waambie umeomba msaada hospitali na uulize kama wanaufuata uamuzi wa hospitali, wengi wanaufuata. Andika jina la uliyeongea naye na saa. Kesho mchana niko mapumziko saa saba mpaka saa nane, njoo PM na karatasi zote mbele yako, tutazisoma pamoja mstari kwa mstari.